Nywele za peji ya tano: uchambuzi wa kisa cha katuni moja ya Mombasa

Kisa hiki nimekaa nacho muda nikisema nitakiandika nitakiandika, na mwenyewe ameniruhusu bora jina lake nisilitaje wala mtaa wao, kwa hivyo nitamwita mchoraji, basi. Ni binti wa miaka ishirini na kitu aliyechora kisa chake mwenyewe kwa katuni, peji nane za saizi ya daftari dogo, na kwenye peji ya tano akajichora na nywele ambazo si zake. Hakuwa anadanganya. Hakujua. Na sisi tuliokuwa pale wengine hatukuwa na njia ya kujua, na mmoja alijua akanyamaza, huyo mmoja ni mimi.

Tuanze na grupu. Tunakutana Jumamosi baada ya alasiri, watu sita au saba ikitegemea feri ya Likoni imeamka vipi siku hiyo, tunachora, tunakula mahamri, tunapigana midomo kuhusu kalamu. Mimi ndiye mkubwa wao, mimi ni wa enzi za kukata katuni ya Juha Kalulu kwenye gazeti la Taifa Leo la babangu kabla hajamaliza kulisoma na kubandika kwenye daftari kwa gundi ya unga. Wenzangu wote ni vijana waliolelewa na katuni za Kijapani, manga, wamezinakili tangu darasa la nne, macho makubwa na panga mgongoni. Hilo la manga lishikeni maana ndilo lililotuchoma baadaye.

Sasa huyu binti akaja Jumamosi moja akasema amechoka na watu wa panga, ataka kuchora siku ya harusi ya mamake mdogo, yeye alipokuwa na miaka 9. Kijana mmoja akauliza, sasa hapo kichekesho kiko wapi? Wala sikumlaumu, kwetu katuni ni ya kuchekesha au ya kumsema mwanasiasa, ukisema unachora maisha yako mwenyewe mtu anangoja utereze kwenye ganda la ndizi. Kumbe watu wanachora maisha yao zamani, huko Marekani wengi huanza kuhesabu na Justin Green, 1972, aliyechora wasiwasi wake wa dini na utoto wake bila aibu, na baada yake wakaja wengi, wanawake wakiwa mbele kabisa. Nikamwambia kijana kichekesho kitakuja chenyewe au kisije, muache achore.

Kisa chenyewe ni hiki. Asubuhi ya siku ya kupamba, mama anamwita wifi yake, yaani shangazi yake mtoto, aje na kitana chake cha chuma. Jiko la makaa linawashwa uani. Shangazi anazigawa nywele, anapaka mafuta, anakijaribu kitana kwenye kitambaa cheupe, kikiacha alama ya hudhurungi anakipunga hewani kipoe kidogo, halafu anavuta. Kuna ile sauti ya mafuta kuungua ambayo kila mwanamke aliyewahi kukaa chini ya kitana cha moto akiisikia hadi leo mabega yanapanda yenyewe. Sikio la kushoto linaunguzwa (alama bado ipo, nimeiona). Saa sita mchana mtoto ana nywele zinazolala, anatikisa kichwa makusudi kila akipita mbele ya dirisha. Usiku ukumbini anacheza na wenzake, joto, mafeni yanazungusha joto lilelile, na nywele zinaanza kurudi kutoka kwenye kisogo na pembeni mwa uso. Bi mmoja anamshika kidevu na kuuliza juu ya kichwa chake, kama vile hayupo, huyu naye nyele hizi kazitoa wapi na mamake ana singa hadi kiunoni? Sauti nyengine inajibu, za babake. Watu wanacheka kidogo, si kicheko kibaya, kile cha kawaida. Mtoto anakwenda chooni anajitazama kwenye kioo. Hapo ndipo peji ya tano.

Kwa wasiokuwa wa huku lazima nieleze kupamba, maana bila hiyo kisa hakishiki. Kupamba ni ule usiku wa wanawake watupu, bibi harusi anakaa jukwaani anatazamwa, na mabuibui yote yanavuliwa mlangoni yanatiwa kwenye mifuko. Mtu wa nje akituona barabarani tumejifunika anadhani nywele kwetu si habari. Thubutu! Ni mule ndani ndimo zinamopigiwa hesabu, na wanaozipiga hesabu ni wanawake wenzako, mama wa vijana wanaotafutiwa wachumba wamekaa viti vya mbele na macho yao. Kwa hivyo mtu anayefunika nywele si kwamba ameepuka mtihani, ameufanyia chumba kingine.

Na lugha yenyewe imeshatupa alama za mtihani huo. Singa na kipilipili. Kipilipili ni picha kamili, punje za pilipili manga, kila moja imejikunja peke yake kichwani, na aliyelibuni neno hilo alikuwa anatazama kwa makini hata kama hakuwa anatazama kwa mapenzi. Singa nayo ukiifuata nyuma unakutana na usinga, ule mkia wa mnyama anaopepea mganga, yaani ukitaka kuwa mchokozi unaweza kusema hao wenye singa wanasifiwa kwa kufananishwa na mkia. Hakuna anayeisikia hivyo lakini. Ukisema mtoto ana singa, Mombasa hii, umesema nywele na umesema ukoo, umesema kuna babu aliyeshuka kutoka jahazini, Hadhramaut au Oman, na ukisema kipilipili umesema upande ule mwengine, Mijikenda, bara, watu ambao bila wao hii Mombasa isingekuwepo ila kwenye harusi wanatajwa kwa sauti ya chini. Huyu mchoraji babake ni Mdigo, mamake upande wa Waarabu, dadake mkubwa akachukua za mama naye akachukua za baba. Basi hapo umeshapata kisa kizima, mengine ni wino.

Sasa hiyo peji ya tano. Ni fremu moja kubwa, peji nzima. Juu kuna neno moja tu, "Zimerudi." Chini yake mtoto kwenye kioo cha choo cha ukumbi, bega moja la gauni limeteremka, macho yamejaa. Na nywele zinamwagika mabegani, mawimbi mawimbi, uzi baada ya uzi, na ule mstari mweupe wa mng'aro unaozunguka utosi, kama mtu aliyetoka kuogelea Nyali.

Vijana wakaisifu. Hii kali, hii moto, na kweli ilikuwa imechorwa vizuri, mkono wake mwepesi sana. Mimi nikaitazama, nikamtazama yeye na mtandio wake umebanwa kidevuni kama siku zote, na nikaelewa kwamba katika chumba kile ni mimi peke yangu ninayeweza kuona kosa. Maana nimekwenda kwao. Nimekaa naye uani kichwa wazi, zimesukwa mistari au zimefumuliwa zimesimama, kipilipili safi, nyingi, nyeusi tii. Wale vijana, wanaume, hawajawahi kuziona wala hawataziona. Kwao wao hiyo picha ndiyo nywele zake, hawana nyengine ya kulinganisha.

Ningesemaje? Nikisema "hizi si zako" mbele yao nitakuwa nimemvua mtandio kwa maneno. Nikinyamaza, kitabu kinachosema kuhusu kuonewa haya kwa nywele kitatoka kimezionea haya nywele zilezile. Nikanyamaza. Nilijiambia nitamwambia tukiwa peke yetu, na Jumamosi iliyofuata tulikuwa peke yetu dakika kumi nzima nikaongea habari ya bei ya kalamu. Nasema haya kwa sababu kwenye kuchambua kisa mtu huwa anajitoa yeye, na mimi nimo.

Kabla sijaendelea, hilo la nywele kurudi, kuna watu hudhani ni mkosi au shangazi hakuvuta vizuri. Hapana. Moto wa kitana unavunja vifungo vyepesi tu ndani ya unywele, vifungo vya haidrojeni, unywele unanyooka ukiwa mkavu. Maji yakiingia, hata jasho, hata ule mvuke wa bahari ulioko hewani kwetu usiku na mchana, vifungo vinajifunga tena kama vilivyokuwa. Dawa ya saluni ni mambo mengine, ile inakwenda kwenye vifungo vya salfa na hivyo havirudi, ungoje nywele mpya ziote. Kwa hivyo kitana cha moto Mombasa ni mashindano na bahari na bahari haijawahi kushindwa. Mchoraji alilijua hilo na ndilo lililomfanya aipende hadithi, aliniambia shauri la mwanzo alitaka kuiita Nywele Zangu Zimerudi Kwao. Kisha mkono ukamchorea kitu kingine.

Aliyesema mwishowe ni mamake.

Mama alikuwa amesikia kuna kitabu na yumo ndani. Akataka kukiona, na mimi nikaitwa, nadhani kama shahidi au kama mshtakiwa wa pili. Nikaenda jioni, tukakaa barazani ndani, mama akavaa miwani akazisoma zile peji moja moja, anazishika pembeni kama picha za hospitali. Kwenye kitana akatabasamu, "huyu ni wifi yangu kabisa, na mdomo wake." Kwenye bi aliyeshika kidevu akasema "namjua, Mungu amrehemu," akapita. Alipofika ya tano akakaa nayo. Akaitazama, akamtazama bintiye, kichwa wazi pale, akaitazama tena.

"Huyu nani?"

"Ni mimi, mama."

"Siku hiyo hukuwa na nyele hizi, mwanangu. Ungalikuwa nazo nisingalimwita shangazi yako na kitana chake."

Nimesoma maandishi ya watu wengi kuhusu katuni, wa vyuo vikuu na wa mitandaoni, na sijakutana na uhakiki uliokata kama huo. Kwa sababu mama hakusema picha mbaya, wala hakusema umejionea haya. Alisema hadithi yako haisimami. Kama mtoto ana nywele hizi basi peji ya kwanza haina sababu, jiko liliwashwa la nini, sikio limeungua la nini. Na yeye ndiye aliyeamuru kitana, hebu fikiria, alikuwa anajishtaki mwenyewe ndani ya sentensi hiyohiyo ili kisa cha mwanawe kikae sawa.

Mchoraji akaichukua peji akaitazama muda. "Wallahi mama sikuona."

Na mimi namwamini. Watu wawili watatu niliowasimulia wanataka kusema alijichukia moyoni, alitamani singa kisirisiri, ile saikolojia ya haraka haraka, na pengine kuna chembe ya ukweli sibishi, aliyekua karibu na nywele za kusifiwa anazijua uzuri wake. Lakini mimi ni mtu wa kuchora na najua mkono ni mnyama wa mazoea. Nilimuuliza baadaye, maishani mwako umechora vichwa vingapi? Akasema labda elfu. Kati ya hivyo kipilipili vingapi? Akafikiri. "Kimoja. Cha mchezaji mpira, na nilimchora kipara." Tukacheka mpaka mama akatoka jikoni. Lakini ndio hivyo, vichwa elfu vya manga, kila kimoja nywele ni nyuzi zinazoshuka, na ule mstari wa mng'aro juu, ambao ni mwanga unaoteleza kwenye nywele laini na kwenye kipilipili hauna pa kukaa. Moyo ulikuwa umeamua kusema kweli, mkono ukaandika kwa alfabeti pekee unayoijua. Mtu aliyejifunza kuandika kwa herufi zisizo na alama za sauti fulani ya lugha yake ataiacha ile sauti, si kwa ubaya, hana herufi yake.

Basi kazi ikawa kutafuta herufi. Wiki tatu!

Jaribio la kwanza vijiduara vidogo vidogo kichwa kizima, akatoka kondoo. La pili nukta, peni ncha nyembamba, nukta mia nyingi, kwenye karatasi asili ilipendeza, akaipeleka fotokopi Mwembe Tayari ikatoka mtoto mwenye mvi. La tatu akajaza wino mweusi wote, ukingo tu ndio wa kukwaruza, na hapo mashine ya fotokopi ikaonyesha tabia yake, maana mashine zile mistari zinaiweza vizuri lakini ukizipa eneo pana jeusi zinashindwa kulijaza, linatoka la kijivu katikati na mabaka, ikawa kama mtoto amevaa kofia ya mtumba. Vijana wa grupu tukawaambia tu kwamba peji ya tano inarekebishwa, mbinu, wasiulize sana.

Nikamwazima kitabu changu cha katuni cha Ebony Flowers, Mmarekani mweusi, Hot Comb, yaani kitana cha moto, kilichotoka 2019, yule aliyefundishwa na mchoraji Lynda Barry kule chuo kikuu cha Wisconsin na hadithi yake yenye jina hilohilo la kitabu ikapata Eisner, tuzo kubwa ya katuni ya Marekani, ya hadithi fupi 2020. Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni mistari yake, haina usafi, anachora nywele za watu weusi kwa mstari mwepesi unaotetema kama wa mtu anayekumbuka, hahesabu nyuzi, na ukiitazama unaona kumbe inawezekana. Ya pili ni kisa chenyewe. Msichana kahamia mtaa wa watu weusi na familia yake, wenzake wanamwona kama ana mambo ya kizungu, basi anataka kutiwa dawa nywele zilale, ili aonekane wa pale. Soma tena hapo. Ananyoosha nywele ili akubalike na weusi wenzake. Mchoraji wetu alipofika hapo akaniletea ujumbe wa sauti wa dakika nne, kwa ufupi alisema watu wakizungumzia nywele siku zote wanaweka Mzungu upande mmoja na Mwafrika upande mwengine, na yeye kwenye kisa chake hakuna Mzungu hata mmoja, hata mtalii aliyepita nyuma hakuna, na alikuwa anaogopa kwamba basi si kisa cha kweli cha nywele. Sasa haogopi. Nywele zinapimwa na yule uliyekaa naye chumba kimoja, huko Baltimore kwa Ebony Flowers au hapa Kibokoni.

Lakini herufi hakuipata mle. Mistari ya mtu mwengine ni ya mtu mwengine, alijaribu kuiiga akapata mtoto wa Kimarekani.

Ilipatikana kwa mamake tena, jamani, na mimi sikuwepo, nasimulia nilivyosimuliwa. Mama alimwona amekunja uso juu ya karatasi za kutupa, akasema ndoo hapa nikusuke, kichwa kitulie. Akamkalisha chini katikati ya magoti yake, mafuta ya nazi kwenye kisahani, akaanza kupasua njia kwa ncha ya kitana, twende kilioni, mistari ya kurudi nyuma ile ya haraka inayosukwa ukiwa umepata habari ya msiba huna muda wa kujipamba. Huku anasuka anasimulia, siku ile shangazi yako alizigawa mafungu manne, alipasua msalaba, na usiku nyele zimerudi zote lakini njia zake bado zipo, nilikuona toka mbali nikajua mwanangu kwa zile njia. Mchoraji akatoa simu akapiga picha utosi wake, akaitazama. Ngozi. Mstari mweupe kwenye picha, mwembamba, umepinda kidogo kwa sababu mkono wa mama haukunyooka. Nywele zenyewe ni kile kinachobaki baina ya njia.

Akachora njia. Alianza na njia nne kwa penseli, kisha akatia weusi kuzizunguka kwa brashi kavu iliyokwisha kuchakaa, akiacha vijiwazi vidogo pale mafungu yanapoachana, na pembezoni mwa uso brashi ikaachwa ikwaruze yenyewe. Hakuchora unywele hata mmoja. Eneo jeusi limekatwakatwa na njia kwa hivyo hata fotokopi ikalimeza bila mabaka. Niliipokea kwenye simu saa tano usiku na sikuhitaji kuambiwa huyo ni nani.

Jumamosi tukawaonyesha wengine. Yule kijana wa kichekesho akasema kusema ukweli ya mwanzo ilikuwa inapendeza zaidi. Mchoraji hakumjibu, akamsogezea sahani ya mahamri. Mwengine, aliyekuwa kimya siku zote, akasema sasa ndio ameelewa sikio limeunguliwa nini.

Mtaniuliza, na mimi nilijiuliza mapema zaidi, mbona binti anayefunika nywele anazichora kila mtu azione? Mimi si shekhe na sitajitia. Nasema alichosema yeye: yule wa kwenye picha ana miaka 9, hajaanza kujifunika, kichwa wazi mitaani kila siku, na mtu mzima anayesimulia, ambaye yupo peji ya kwanza na ya mwisho, amechorwa na mtandio wake. Alikuwa amelifikiria kabla hata hajanunua wino. Hapo pia kulikuwa na kazi ya mbinu, maana peji ya kwanza kuna wanawake wanne wanashuka tuktuk wote wana mabuibui meusi na msomaji lazima awajue mmoja mmoja. Nilimsimulia Barbara Brandon-Croft, yule aliyechorea magazeti ya Marekani tangu 1989 akiwachora wanawake weusi vichwa na mikono tu, miili hakuna, na kwake nywele ndizo zinazokuambia huyu nani. Sasa wewe huna hata nywele. Akawatofautisha kwa namna wanavyoshika mikoba na jinsi mtandio unavyokaa kidevuni, na shangazi kwa kifurushi cha kitana kilichofungwa kwenye leso, hata hana haja ya uso. Kulikuwa pia na peji ya tisa, ya kunyolewa kipara siku ya kuripoti fomu wani, nikamwambia aitoe, ni kisa kingine, kitamvuruga huyu mtoto wa kwenye kioo. Akaitoa kwa shingo upande.

Kilichobaki ni mama. Maana peji ya pili, uani kwenye jiko, mama alikuwa amechorwa kichwa wazi, mgongo kwetu, na msuko mmoja mnene unashuka hadi kiunoni, na pale ndipo mkono wa manga ulipojua kazi yake, mng'aro na kila kitu. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote kwenye kitabu. Ilikuwa ya lazima pia, nilivyoona mimi, kwa sababu kisa kizima kinapimwa na nywele zile, bi wa ukumbini anazitaja, mtoto anazitamani, msomaji azione.

Mama akasema la. Wewe ulikuwa mtoto, mimi nilikuwa mtu mzima, na kitabu kitauzwa dukani na kwenye mikono ya wanaume. Alisema bila hasira. Dadake mchoraji, aliyeolewa Muscat, alipoulizwa kwa ujumbe akajibu neno moja, "nifunike."

Nilipinga, nakiri. Nilisema utaharibu peji ya pili, na kujisimulia ni kusema ukweli wote. Mchoraji akaniuliza, ukweli wa nani, kichwa ni cha mama. Nikakosa la kujibu, na sijalipata hadi leo. Katuni ya kujisimulia haijawahi kuwa na mtu mmoja ndani yake, aliyeshika peni anajitolea mwenyewe lakini anawatoa na wa nyumbani kwake, na kwetu hilo la kutoa watu nje lina uzito ambao vitabu vya huko havikufundishi namna ya kuubeba.

Akamchora mama upya na leso kichwani, leso ya maua makubwa, imefungwa nyuma, hakuna hata unywele. Dada akapewa mtandio ukumbini na kwenye fremu nyengine akakatwa na ukingo. Na hapo kukatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Ukikisoma kitabu sasa, peji nane, singa inatajwa mara sita, inasifiwa, inalinganishwa, kila mtu anaiongelea, na haionekani popote. Hakuna. Nywele pekee zilizomo kitabuni ni kipilipili, za mtoto na za shangazi, ambaye alisema yeye atachorwa anavyotaka mchoraji maana kwa umri wake nani atamtazama.

Zilitolewa nakala 40, zimekwisha, nyingi zilikwenda mkono kwa mkono kwenye harusi mbili za Disemba. Mama alipopewa yake akaifungua peji ya pili akaitazama ile leso ya maua, akanigeukia mimi kama mwenye kosa.

"Sasa watu wataamini vipi kuwa nilikuwa nazo?"